Maji Hayasomi Hati

Kiamunyi, futi hamsini kwa mia.
Bikoni nne, mbili zimemezwa na nyasi.
Nilinunua ardhi, mteremko nikapewa bure,
wala sikuuliza bure hiyo italipwa na nani.

Fundi Mukhwana alikuja na mpira mwembamba unaopenya mwanga,
akaujaza maji, akanipa ncha moja niishike getini,
akashuka na ya pili hadi kwenye ua wa jirani.
Kwangu maji yalitulia usawa wa kifundo cha mguu.
Kwake yalimfika kifuani.
"Umeona?" akasema. "Kabla ya kabro tukate mtaro,
tulaze bomba, na kule chini shimo la kokoto, yapumzike.
Maji hayasomi hati miliki, bosi."
Nikauliza bei. Akaitaja.
"Weka kabro tu," nikamwambia. "Maji yatajua njia."

Yalijua.

Udongo wa huku ni majivu ya Menengai.
Ulikuwa ukinywa kimyakimya, kama mlevi mwenye staha,
nami nikauziba mdomo kwa matofali elfu mbili,
mekundu na ya kijivu, yamesukwa kama mkeka.
Jumamosi nzima tuliyapiga picha.

Mvua ya Aprili ilishuka saa nane usiku.
Nilisimama dirishani na blanketi mabegani:
maji ya paa, maji ya barabara ya juu, maji ya ploti za watu nisiowajua,
yote yalikata kona getini kwangu kama wageni walioelekezwa vizuri,
yakateremka moja kwa moja.
Hata dimbwi moja halikubaki!
Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza madeni.

Asubuhi, Mwalimu Kemunto alikuwa getini,
gambuti hadi magotini, mkononi ndara moja ya buluu.
"Hii ni ya kijana wenu," akasema.
"Nimeikuta chini ya meza yangu."
Basi. Akageuka.

Nilimfuata, kwa sababu hakuniita.
Jikoni mwake tope lilikuwa limechora mstari ukutani,
umenyooka kuliko wa fundi yeyote.
Gunia la mahindi lilikuwa limevimba.
Kwenye kamba ya nguo, daftari za mahudhurio za miaka ishirini na sita
zilining'inia kwa vibanio kama soksi,
wino wa majina ya watoto ukidondoka.
Na uani, palipokuwa na sukuma wiki, ardhi ilikuwa imetitia,
shimo la upana wa karai,
kama mdomo wa mtu aliyetaka kusema akaghairi.

Tulifunzwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi niliziba kila ufa.
Ukuta anajenga mwenzangu.

Mukhwana alirudi. Hakusema nilikuambia.
Bei tu ndiyo ilikuwa imepanda.
Tuling'oa safu tatu za kabro, tukakata mtaro kwa upana wote,
wavu wa chuma juu, bomba la inchi sita chini,
na kandokando tukaacha ardhi wazi, ipate pa kunywea.
Maji ya ziada yangepita mpakani hadi mfereji wa barabara,
kwa hiyo tuliandikiana, mimi na Mwalimu,
juu ya boneti ya gari.
Alisoma karatasi yangu akiwa na kalamu nyekundu.
Neno "mtiririko" alinisahihisha mara mbili.

Ndara ya pili hatukuipata.
Huenda imefika ziwani, pamoja na mafuta ya gari langu.

Juzi imenyesha tena.
Nilitoka na mwavuli, nikachutama juu ya wavu
nikasikiliza yakimezwa, funda kwa funda.
Kule chini taa ya jikoni ikawaka.
Nikasubiri.
Ilikaa muda mrefu kabla ya kuzimwa.